Peruki Yangu Ilivyokemewa Ziwani

Mpaka leo pale Rugenge, kando ya ziwa, kuna watu wanaoapa kwamba Jumapili moja asubuhi pepo alinitoka mbele ya kanisa zima, akaogelea kuelekea Burundi. Hakufika. Shemasi alimuua kwa kasia. Huyo pepo mimi namjua kuliko wao wote, kwa sababu nilimnunua mwenyewe Bujumbura, na kila asubuhi nilikuwa namchana.

Ilikuwa peruki. Nywele za bandia, nyeusi, ndefu mpaka mabegani.

Paji langu la uso ni pana, na juu yake nywele zilikatika zote nikiwa bado msichana, kwa kusukwa na kukazwa mno. Mpaka katikati ya kichwa panang'aa tu. Shuleni waliniita Kavimvira, kwa ajili ya ule uwanja wa ndege wetu. Nikipita, mmoja ananyoosha mikono kama mabawa, wengine wanapiga kelele, "Ondokeni, ndege inataka kutua!" Nilicheka pamoja nao. Nyumbani nililia. Tangu hapo sikumwonyesha mtu kichwa changu, hata dada yangu niliyelala naye chumba kimoja. Niko na cherehani yangu mtaani Kimanga, nawashonea watu nguo za kuficha matumbo yao, na sijamcheka hata mmoja. Najua kuficha ni nini.

Kanisa letu linabatiza ziwani, tena kwa kuzamisha. Mtu anaingia mzima, usibaki hata ukucha. Wanawake tunavaa kanzu nyeupe na kitambaa cheupe kichwani. Nilipoambiwa siku yangu imefika, sikuwaza dhambi hata moja. Niliwaza peruki. Nikaibana kwa pini nne, nikafunga kitambaa juu yake, nikajiambia Yesu ataelewa na maji pia yataelewa.

Maji hayakuelewa kitu. Pasta aliniwekea mkono mmoja kisogoni na mwingine juu ya kitambaa, akanizamisha. Kule chini nikasikia pini zinaachia moja moja. Kitambaa alikuwa amekikamata vizuri, kikabaki. Peruki ikateleza kwa nyuma, ikatoka zake. Nilipoibuka, waimbaji wa korali walikuwa wameacha wimbo katikati. Watu wote walikuwa wananyoosha vidole nyuma yangu. Kitu cheusi chenye manyoya kilikuwa kinaelea pale, kinajikunja na kujikunjua na mawimbi.

"Yesu wangu! Iko pepo!" mama mmoja wa korali akalia. "Imemutoka!"

Pasta akainua mkono. "Toka, katika jina la Yesu!"

"Imekwisha kutoka, Pasta," shemasi akasema.

"Basi isirudi!"

Shemasi akanyakua kasia kwenye mtumbwi wa wavuvi, akaingia majini na suti yake na viatu vyake.

"Piga kichwa!" watu wakapiga kelele.

"Kichwa iko wapi?"

"Piga yote!"

Nami nimesimama pale, maji kifuani, nimeshika kitambaa kwa mikono miwili, natazama kitu changu kinauawa. Ningeweza kusema. Lakini kusema peruki ni yangu ni sawa na kusema chini ya kitambaa kuna nini. Nikaogopa. Nikainua mkono mmoja, ule mwingine ukiendelea kushika kitambaa, nikasema, "Haleluya!" Huo ndio uongo wangu wa kwanza baada ya ubatizo, na hata sikuwa nimekauka.

Maiti ya pepo ikatiwa kwenye mfuko wa plastiki, ikafungwa mafundo matatu, ikawekwa chini ya mimbari kama ushahidi. Katikati ya wiki Pasta akaenda nayo kuhubiri Makobola. Nilisikia kwamba alipofungua mfuko watu wawili walizimia.

Halafu Mama Pasta akanifuata Kimanga, na kalamu na daftari. Akaniambia Jumapili nitatoa ushuhuda: pepo aliingia lini, alikuwa anasema nini, anapenda nini.

"Ilikuwa inakula nini?" akaniuliza.

Nilichoka. Nikamjibu, "Shampuu."

Akaandika.

Wiki ile sikushona nguo moja ikanyooka. Nikinyamaza, nitasimama mbele ya Mungu na kumdanganya kwa kipaza sauti. Nikisema, narudi kuwa Kavimvira, na safari hii mbele ya watu wazima. Ijumaa nilijifungia chumbani, nikavua kitambaa, nikaomba kwa hasira kabisa. Nikasema, Ee Mungu, wanasema umehesabu nywele za kila muntu. Kwangu ulimaliza mapema! Hapo nikakwama. Kama alihesabu, basi alijua. Alijua tangu siku zote, na bado aliniita hivyohivyo nilivyo. Nilikuwa namficha Mungu kichwa alichokitengeneza mwenyewe, tena kwa nywele za plastiki. Nililia mpaka nikaanza kucheka, na nilipocheka nikaona haya, na haya yenyewe haikuwa ya kichwa tena.

Jumapili wakaniita mbele. Mfuko ulikuwa juu ya meza. Fundo la kitambaa nilikuwa nimelikaza mno, likanichukua muda kulifungua. Kisha nikakivua.

"Ile kitu kwenye mfuko si pepo," nikasema. "Ni peruki yangu. Na minye nilikuwa naficha hii."

Pasta akanitazama kichwani, akatazama mfuko.

"Dada," akasema polepole, "uko na hakika?"

"Niko na hakika, Pasta. Nilinunua mwenyewe."

"Pengine pepo ilikuwa ndani ya peruki."

"Niliipiga, ikalia!" shemasi akasema kutoka nyuma. Alikuwa ameumia moyoni, nikamwonea huruma.

"Yalikuwa maji, baba."

Mama wa korali ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kujizuia kwa leso, ikashindikana, na kanisa zima likafuata. Nikasikia sauti ya mtu tuliyesoma naye, "Jamani, Kavimvira!" Moyo ukanipasuka. Lakini mdomo ukatangulia moyo.

"Ndiyo mimi," nikasema. "Tueni."

Sasa mzee mmoja akainua mkono. Alitaka kujua jambo: kama peruki ndiyo iliyokuwa kichwani, si maji yalibatiza peruki, dada huyu akabaki vilevile? Wakabishana karibu saa nzima. Mmoja akasema maji hupita katikati ya nywele, hata za bandia. Mwingine akajibu kwamba kwa hesabu hiyo shemasi amemuua mwenzetu katika imani, saa ileile aliyobatizwa. Mwishowe Pasta akakata shauri kwamba nirudi ziwani.

"Bila kitu kichwani," akasema, macho chini. Nadhani alikuwa anawaza Makobola.

Jumapili iliyofuata nikashuka. Wanawake waliokuwa wanafua waliacha nguo zao. Wavuvi waliacha kukunja nyavu. Jua lilikuwa kali, na najua nilikuwa nang'aa. Shemasi alikuwa amesimama majini kando yetu na kasia, kwa usalama tu.

Pasta akaniwekea kiganja kwenye paji, juu ya ngozi yenyewe. Kiganja kilikuwa cha moto. Tangu mama yangu aache kuniogesha, hapakuwa na mkono wa mtu uliopagusa pale. Nilitaka kumwambia, asante, ngoja kidogo, usiutoe. Maji yakaniwahi.

Nilipoibuka, kila mtu alitazama ziwa kwanza. Shemasi alikuwa ameinua kasia juu kabisa. Wakangoja. Hakuna kilichoelea.

Ndipo wote wakageuka wakanitazama mimi. Mikono yangu ikapanda yenyewe kutafuta kitambaa, kwa mazoea. Nikaishusha.