Tajriba, jaribio, mtihani: makombora ya Irani yalivyotufikia jikoni Riyadh

Kilichotangulia ni kishindo, wakuu.

Salamu kwenu nyote, mlio nyumbani na mlio ughaibuni. Haya niliyaona mwenyewe. Sitatia chumvi, na palipopungua jueni ni miaka imekula, si mimi nimeficha.

Nilikuwa uani Riyadh naosha gari la bosi, chini ya jua lile la kule ambalo halingoji mtu aamke. Nikasikia kitu kizito kikianguka jikoni, chuma juu ya marumaru, kikazunguka na kuzunguka kabla hakijatulia. Halafu sauti ya mtangazaji wa televisheni, ikiendelea na Kiarabu chake kama vile hakuna kilichoanguka.

Nikatupa mpira wa maji nikakimbia.

Mwanaidi alikuwa amesimama katikati ya mchele. Sufuria iko chini, mchele umetapakaa hadi mlangoni, na macho yake yako kwenye televisheni ndogo iliyo juu ya friji. Kwenye screen kombora lilikuwa linapanda kutoka jangwani, moshi mweupe umejaa chini yake.

"Kaka Mwakio," akasema polepole, "wamepiga."

"Nani kapiga?"

"Irani. Nimesikia kwa masikio yangu. Wana tajriba ya kombora, na mtangazaji asema limefaulu."

Hapo ngoja niwaeleze tulikuwa nani, msije mkapotea.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, mawakala wa Nairobi na Mombasa wanajaza ndege kama mtu anayejaza gunia. Mimi natoka Taveta, Mkristo, nilikuwa driver. Chumba changu kilikuwa kando ya geti. Mwanaidi alitoka Faza, kule visiwa vya Lamu, alikuwa anafanya kazi za ndani.

Wenye nyumba ni bosi, tuliyemwita baba, ambaye ofisi yake ilikuwa mtaa wa Olaya, madam mkewe, na mama mzazi wa baba, mama mzee wa miguu mibovu ambaye Mwanaidi alimwita Bibi tangu siku ya kwanza. Jina likashika. Mpaka wajukuu zake wa Kiarabu wakawa wanamwita Bibi.

Mwanaidi ndiye aliyekuwa mikono na miguu ya Bibi. Alimwogesha, akamsuka, akamsikiliza. Naye Bibi alikuwa amempa ahadi: Ramadhani ikiingia, watakwenda Makka pamoja, Mwanaidi afanye umra, ile hija ndogo. Kule Faza mamake alikuwa ameombea jambo hilo tangu usichana wake mwenyewe bila kulipata. Mwanaidi alikuwa anaishi kwa ahadi hiyo. Madam akifoka, anaihesabu Ramadhani. Mgongo ukiuma, anaihesabu Ramadhani.

Turudi kwenye kombora.

Mimi Kiarabu changu nilikiokota kwenye foleni za magari. Mwanaidi alikisoma chuoni, yaani madrasa, kwa mwalimu, tena Kiswahili cha kwao chenyewe kimejaa maneno yaliyotoka huko. Kwa hiyo mtangazaji aliposema "tajriba" hakusita hata kidogo. Kwao Faza tajriba ni uzoefu, ni yale mtu aliyoyapitia. Mzee mwenye tajriba ni mzee aliyeona mengi. Basi nchi yenye tajriba ya kombora ni nchi ambayo imeshapiga, na iliyofaulu kwa kupiga imeua watu.

Baba aliporudi nikamuuliza. Akacheka hadi ghutra, kile kitambaa chao cha kichwani, ikamteleza.

"Tajriba, yaa Mwakio, tajriba. Wanajaribu tu. Mafi harb." Hakuna vita.

Kumbe kwa Waarabu neno lile lile ni jaribio. Nikaona nimepata dawa. Nikaenda mbio jikoni.

"Dada, tulia. Si vita. Ni jaribio tu."

Akaniangalia kama ninayemuuzia samaki wa juzi.

"Jaribio tu?"

"Jaribio tu."

"Kwetu mtu akishikwa kwa jaribio la kuua, hakimu hamwambii nenda kwenu, ulikuwa wajaribu tu."

Nikajaribu kwa njia ya kanisani, nikamwambia basi tuseme ni majaribu.

"Majaribu ni ya shetani," akasema. "Haya yana moshi."

Nilicheka. Hakucheka. Na mimi kicheko kilinikatika aliponiambia kwamba ameshamtumia mamake voice note.

Sasa nikikumbuka siku zile, sikumbuki hofu. Nakumbuka iliki. Nakumbuka Mwanaidi akimfundisha Bibi kusema "polepole" na Bibi akisema "bolebole," kwa vile Waarabu hawana P, na wote wawili wakishikana mabega kwa kucheka. Nakumbuka tukikaa kwenye ngazi ya jikoni baada ya chakula cha mchana, yeye anachambua mchele, mimi naandika vihadithi vyangu kwenye simu, na Kiswahili kikituzunguka kama uzio wa nyumba ndogo ndani ya nyumba kubwa. Sijawahi tena kuishi ndani ya lugha namna ile.

Shule zilipofungwa familia ikahamia Jeddah. Nilivuka nao jangwa lote, Bibi mbele karibu nami, Mwanaidi nyuma na watoto. Walikuwa na fleti Ruwais, karibu na bahari, mtaa wa zamani wenye kuta zilizoliwa na chumvi. Kila alasiri Mwanaidi alimsukuma Bibi kwa kiti cha magurudumu hadi ufukweni, nami nikibeba thermos.

Lakini kila alasiri simu ililia.

Ile voice note ilikuwa imetembea. Ilipotoka Riyadh ilisema Irani wana tajriba ya kombora. Ilipofika Lamu ikasema Riyadh imepigwa. Ilipovuka hadi Faza ikasema binti wa fulani anaokota mchele sakafuni kwa njaa ya vita. Mamake akaacha kula. Jirani wakaanza kuja kumpa pole.

Mwanaidi alituma picha: hii bahari, huyu Bibi, hizi tende. Mamake akajibu kwamba picha ni za zamani.

Ijumaa nikaenda mtaa wa Bani Malik kumwona rafiki yangu Njoroge, mlinzi wa jengo moja huko, kijana wa Nakuru aliyekuwa analala chumba kimoja na wenzake wengi na bado ana kicheko. Nikamweleza yote.

"Buda," akasema huku akigeuza chapati, "hiyo kitu range yake inafika hapa, ikitaka. Usimdanganye huyo dada ati haifiki."

"Sasa nimwambie nini?"

"Mwambie hivi. Mtu akitaka kukuchapa, anakuchapa. Akianza kuvua shati mbele ya watu na kupiga kifua, huyo anataka uone kifua."

"Na mimi nikiona?"

"Ndio hapo sasa. Inategemea utafanya nini ukishaona." Akanipa chapati. "Wewe na hadithi zako hukufikiria hiyo?"

Sikuwa nimeifikiria. Kesho yake nikaipeleka ufukweni jinsi ilivyo, pamoja na shati na kifua. Mwanaidi akamtafsiria Bibi.

Bibi akatazama maji. Halafu akatusimulia vita vya Kuwait, makombora yalipoanguka Riyadh kweli. Jinsi walivyobandika plasta kwenye vioo vya madirisha, wakaweka mataulo yaliyolowa chini ya milango kwa kuogopa gesi, na baba, wakati ule kijana tu, akilala chini ya ngazi na viatu miguuni. Yale hayakuoneshwa kwanza kwenye televisheni, alisema. Yale yalikuja.

"Na haya?" Mwanaidi akamuuliza.

Bibi akaguna. "Kwa haya wanatupima sisi, tutakimbia au tutakaa."

Mwanaidi akamfuta Bibi chai kidevuni.

"Basi ni mtihani," akasema kwa Kiswahili, akinigeukia mimi. "Wewe na jaribio lako, na wale na tajriba yao. Neno ni mtihani. Na anayefanya mtihani si anayerusha. Ni anayetazama."

Huo ndio uchambuzi bora kabisa wa siasa za Ghuba niliowahi kuusikia, na nimeshasoma mwingi tangu wakati ule. Tulikunywa chai. Nilidhani tumemaliza. Nilidhani atakaa.

Simu ikalia.

Aliisikiliza kwa muda mrefu. Mamake hakuwa anaongea. Shangazi ndiye aliyekuwa anaongea, akisema mama haamki, hataki uji, hataki maji, anauliza maiti italetwa lini.

Alipokata simu nikamwambia, "Lakini umeshaelewa, dada. Umeelewa kuliko sote."

"Mimi nimeelewa," akasema. "Mamangu hajaelewa. Na mimi ni wa mamangu."

"Ramadhani je?"

Akageuza kiti cha Bibi kuelekea nyumbani.

Alipoomba ruhusa ya kurudi kwao, baba alikasirika. Akasema mafi, mafi, mkataba haujaisha, atampata wapi mtu wa kumwangalia mamake. Madam akasema wasichana wa Kenya wanaogopa vivuli. Ni Bibi aliyeyamaliza. Alimwita mwanawe chumbani, mlango ukafungwa, na baba alipotoka alikuwa mpole kama aliyechapwa. Final exit, ile ruhusa ya kuondoka kabisa, itatolewa.

Halafu Bibi akatoka akisukuma magurudumu ya kiti mwenyewe, kwa mikono ile iliyovimba.

"Yalla," akasema, yaani twende. "Makka."

Hakusema tungoje Ramadhani. Kutoka Jeddah Makka si mbali, ila kwa miguu ile ya Bibi kila safari ilikuwa mlima, na daktari alikuwa ameshakataa. Tukaondoka alfajiri, baba naye ndani. Njiani tukafika pale barabara inapogawanyika, wasio Waislamu wanapotakiwa kupita pembeni. Nikasimama, nikashuka, baba akashika usukani.

Mwanaidi alikuwa nyuma na mavazi meupe. Akateremsha kioo.

"Nikuombee nini, kaka?"

Nilikuwa na jibu moja tu, na halikuwa la kusemwa mbele ya baba, wala pengine mahali popote. Nikamwambia aniombee nipate usingizi. Akatabasamu, gari likaenda, nami nikabaki kwenye kituo cha mafuta na mkate na juisi, nikiitazama ile lami iliyowameza.

Walirudi jioni. Bibi alikuwa amelala kwa uchovu, kichwa kimeegemea bega la Mwanaidi. Mwanaidi hakusogea njia nzima asije akamwamsha.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Lile kombora la majaribio, kwa nilivyosikia, lilianguka jangwani mle mle mwa wenyewe, halikumgusa mtu. Lakini lilifika Faza. Lilimlaza mama wa watu kitandani na kumwondoa binti aliyekuwa haliogopi tena. Kwa hiyo siku hizi nikisikia wanabishana humu kuhusu range, kombora hili linafika wapi na lile linakomea wapi, huwa napita kimya. Jaribio hufika kila mahali habari zake zinapofika.

Mliokuwa Riyadh au Jeddah miaka ile, ninyi mlielewaje? Mlikaa au mlifunga mizigo? Na nyumbani mliwaambia neno gani? Andikeni, nitasoma yote. Mkinitukana kwa kumalizia na mapenzi yasiyosemwa, nitasoma pia.

Maana imebaki asubuhi moja tu, ya Ruwais.

Baba ndiye angempeleka uwanja wa ndege, kwa vile yeye ndiye kafili, mdhamini wake, na karatasi zilikuwa mkononi mwake. Mimi niliambiwa nibaki na Bibi. Mwanaidi alipiga magoti mbele ya kiti, akabusu ile mikono iliyovimba, upande huu na upande ule. Bibi hakulia. Alimtengenezea ukingo wa mtandio kama mtu anayempeleka mwanawe shule.

"Bolebole," akamwambia.

Mwanaidi akainuka. Akanishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na mkono wake ulikuwa na harufu ya mafuta ya nywele za Bibi.

"Mlishe taratibu," akasema. "Akikataa, mwimbie. Hachagui wimbo."

Baba akaita kutoka kwenye lifti. Mwanaidi akachukua begi lake, akatoka bila kugeuka, na mlango ukajifunga nyuma yake taratibu.