Mulilala Wapi?

Wakati wa vita, mtaani kwetu Kinama, mtu hakuulizwa alilala wapi. Aliyeuliza alitaka kujua ni nani aliyekuficha, na jibu lako lingeweza kumponza mwenye nyumba. Ndiyo maana shefu mpya, msimamizi wa meza yetu ya kukata sabuni kiwandani, kule mtaa wa viwanda, Zone Industrielle, alipouliza asubuhi yake ya kwanza, "Mulilala wapi?", tulijibu wote kwa sauti moja: nyumbani. Mimi mdomo wangu hauna breki. Nikamwuliza, "Na we, mama shefu, unatafuta nini?"

Nilikuwa nimeshaamua kuondoka. Shefu aliyetangulia alitupokea getini kwa neno moja tu la Kifaransa, "Retard," yaani umechelewa, hata siku ambazo risasi ndizo zilizofunga barabara. Wenzetu wengi walikuwa wamekwenda zao. Patroni, mwenye kiwanda, alisema meza yetu isipojaza lori la Jumamosi ataifunga. Nikasema moyoni, aifunge, mimi naenda Uvira, ng'ambo ya mpaka.

Kesho yake mama yule hakuuliza. Alikuja na kitenge chenye tope, akasimama mbele yetu. "Mi nililala ku kanisa, chini, na batoto yangu," alisema. "Mwenye alilala mbali aniambie, ataanza kazi nyuma kidogo. Apana kuogopa."

Kumbe alikuwa anapanga kazi. Niliona aibu, kisha nikafurahi, na kama kawaida nikawa wa kwanza kusema: "Mi nililala Gihosha, kwa shangazi." Wengine wakafuata. Waliolala karibu wakawa wanaanza kukata, sisi wa mbali tunakuta sabuni tayari kufungwa.

Jumamosi barabara ya Kinama ilifungwa. Kwa shefu wa zamani ningerudi kulala. Siku hiyo nilizunguka kwa miguu, nikitukana njia nzima, na nilipofika nikawakuta wenzangu wote mezani. Lori lilijaa hadi turubai likakataa kufungika. Patroni alilizunguka akitafuta kasoro, akaikosa, na sisi tulicheka mbele yake bila kujificha.

Meza haikufungwa. Baadaye kiwanda kingine kiliniita, kwa mshahara mzuri kuliko wangu. Nilimwuliza aliyetumwa swali moja: shefu wenu huwa anawauliza watu wamelala wapi?

Alinishangaa, akasema hayo hayawahusu. Nikamuaga, nikarudi kwenye sabuni zangu, na vita vilipokwisha vilinikuta palepale.