Daftari Lililokuwa Safi Mno

Bibi Mipango alilifungua daftari katikati, akalifunga, akalifungua tena mwanzoni, kisha akalisukuma juu ya meza kwa ncha ya kalamu, kama anayesogeza sahani iliyoingia nzi.

"Hili umeliandika lini?"

Dobi alikuwa na mazoea ya kuzungumza na vifungo vya mtu, hakuthubutu kupanda hadi machoni. Lakini huyu afisa mipango alivaa blauzi isiyo na kifungo hata kimoja, basi dobi akababaika, akakitazama kikombe cha chai.

"Miaka kumi, mama."

"Kumi! Kalamu moja, mwandiko mmoja, na doa hakuna. Mtaa unaoingia maji hadi magotini, daftari lake halijawahi kulowa? Baba, usinifanye mtoto. Hili umelitunga wiki hii."

Foleni nyuma yake ikacheka. Mtu mmoja akasema, "Dobi kafua mpaka mafuriko."

"Kikao ni leo saa nane," Bibi Mipango akasema. "Una kumbukumbu ya kweli, ilete. Huna, kafue nguo za watu. Anayefuata!"

Dobi akachukua daftari lake, akatoka. Na kilichomuuma si kuitwa mwongo. Kilichomuuma ni kwamba yule mama alikuwa na haki ya kusema vile.

Mtaani walimwita Kimya. Alimaliza darasa la saba akaingia kwenye beseni, na tangu hapo maneno yake yote yalikuwa "karibu," "kesho jioni" na "doa hili limegoma." Duka lake lilikuwa chumba kimoja, meza ya kupigia pasi, pasi mbili za mkaa, na uwanja mdogo wa kamba nyuma. Zamani maji ya mlimani yalipita kwenye mfereji ulioachwa nyuma ya nyumba. Diwani, kabla hajaitwa mheshimiwa, akajenga ghala juu ya ule mfereji. Maji yaliponyimwa njia yakajitafutia nyingine, nayo ikawa ni mlango wa dobi na wa majirani zake thelathini na kitu. Mvua nazo zilikuwa zimeacha adabu. Zilikuja mwezi usio wao, zikanyesha saa moja mvua ya wiki nzima, zikaondoka bila kuaga.

Mwaka wa kwanza maji yalimchukulia suti ya bwana arusi. Bwana arusi alimtukana matusi ya nguoni mbele ya bibi arusi na mama mkwe. Siku ile alinunua daftari kubwa, la kurasa ndefu, akaanza kuandika. Kila jioni aliandika kama nguo zimekauka au hazijakauka, mvua imeanza saa ngapi, na ikiwa maji yameingia, yamefika wapi: kifundo, ugoko, goti. Daftari lilipojaa alinunua jingine. Hakumwonyesha mtu.

Pamoja na kuandika, alikwenda ofisini. Alikwenda mara kumi na nne. Mara lete barua ya mwenyekiti, mara mhuri umefifia, mara aliyekupokea mara ya kwanza amehamishwa. Majirani nao hawakumshukuru. Muuza mkaa, mama wa mlango wa pili ambaye kibanda chake kilikuwa kimeegemea ukuta wa ghala, alimpigia kelele kila alipomwona amevaa viatu vya kwenda mjini: "Nenda, nenda katuletee tingatinga! Maji yanakuja na kuondoka. Tingatinga likija haliondoki na kitu?"

Mwaka huu halmashauri ikatangaza mpango wa kukabili mabadiliko ya tabianchi. Mitaa yenye kumbukumbu za mvua na mafuriko za miaka kumi ingeingia kwenye orodha ya kuchimbiwa mifereji. Isiyo nazo ingesubiri mpango mwingine, miaka mitano mbele. Kimya alipolisikia tangazo hilo redioni aliiweka pasi chini, jambo ambalo halifanyi shati likiwa mezani.

Hapo ndipo alipokosea, tena kosa ambalo lingefanywa na dobi tu. Aliyatazama madaftari yake matatu yalivyokuwa yamevimba kwa maji, yana tope, kutu ya pini, madoa ya buluu ya kufulia na alama za vidole vya mkaa. Akaona aibu. Mtu aliyekula miaka ishirini na tano kwa kurudisha vitu vikiwa safi, atapelekaje serikalini kitu kichafu? Kwa wiki tatu akanakili kila siku na kila mstari kwenye daftari jipya. Na kila ukurasa wa zamani alipoumaliza aliuchana, akautumia kazini. Shati likikunjwa lazima liwekewe karatasi ndani ili kifua kisilegee, na karatasi ya gazeti huchafua shati jeupe.

"Kwa hiyo ziko wapi?" mkewe aliuliza aliporudi kutoka ofisini, mikono imejaa povu.

"Kwenye mashati."

"Mashati ya nani?"

"Ya watu."

Mkewe akakung'uta povu. "Baba watoto, wewe siku moja utajifua mwenyewe ukatike rangi. Ondoka hapa. Saa tatu na nusu hii, nenda kagonge milango!"

Kugonga milango! Mtu ambaye akidaiwa kusalimia huinamisha kichwa. Lakini alikwenda. Kinyozi alimpa kurasa nne zilizojaa nywele na kumuuliza kama kesho atakuja kudai na maji aliyofulia. Mwalimu mmoja alimsimamisha kizingitini akamsomea kurasa tisa kwa sauti, akamsahihisha herufi kubwa, ndipo akampa. Nesi alimfungia mlango, kisha akazipitisha kurasa chini yake moja moja kama barua za kufukuzwa kazi. Muuza mkaa alikuwa ameketi juu ya gunia.

"Nimewashia jiko," alisema. "Zote. Zimewaka vizuri sana. Ulete nyingine."

Saa sita alikuwa na miaka minne na kidogo. Nyingine zote zilikuwa kwa mteja wake mkubwa, mtu wa mashati manane kwa wiki. Diwani.

Diwani alimpokea langoni akiwa na kaptura na fulana. "Kimya! Nimetuma mtu mara mbili. Suti yangu ya kikao iko wapi?"

"Iko tayari, mheshimiwa. Na mashati." Kwenye fulana napo hapakuwa na kifungo. Dobi akatazama komeo la lango. "Bado kuwekewa karatasi."

"Weka basi!"

"Zimeniishia. Zangu ziko kwako, ndani ya mashati ya wiki jana na ya juzi. Nikizipata, suti inakuja."

Diwani akalishika lango kwa mikono miwili.

"Unanishikia nguo zangu? Wewe? Nitamwita askari sasa hivi."

"Mwite, mheshimiwa. Ila ufunguo wa duka ninao, na mguu wangu ni mzito. Mpaka tufike kituoni, tuandikishe, turudi..." Hakumaliza.

Mke wa diwani akapaza sauti kutoka ndani: "Si umpe takataka zake! Saa sita na nusu hii, au utahutubia na kaptura?"

Zililetwa zimefungwa kwa uzi. Diwani akachomoa moja, akasoma. Akachomoa ya pili. Uso wake ukabadilika taratibu, kama nguo nyeusi inayoingia maji.

"Kumbe ndizo hizi," alisema. Akatazama saa yake. Akamtazama dobi toka kichwani mpaka kwenye kandambili, na akacheka. "Chukua. Nitakuwepo pale. Nataka nikusikie ukizisoma, wewe usiyeweza hata kuita kuku."

Suti ilipelekwa. Ilikuwa imenyooka vizuri, maana Kimya hakujua kupiga pasi kwa chuki.

Saa nane chumba cha mikutano kilikuwa na joto na feni moja inayozunguka kwa kusita. Diwani aliketi mbele, amependeza. Muuza mkaa alikuja pia, na kwenye mlango alitangaza kwamba amekuja kupinga. Kimya aliweka lundo lake mezani. Bibi Mipango akaliangalia, akavuta pua.

"Hizi zinanuka nini?"

"Tope, mama. Na hiyo ya juu, mafuta ya nywele."

Mama yule hakucheka. Alivaa miwani, akaanza kupanga. Kurasa za wino wa bluu, za wino mweusi, za penseli. Mistari iliyolala kwa haraka na mistari iliyosimama. Maji yalikuwa yameukata mwandiko katikati kwenye kurasa kadhaa. Akalichukua lile daftari safi, akaliweka kando, akawa anatazama huku na huku. Muda ukaenda. Diwani akaanza kukohoa.

"Soma huu," Bibi Mipango akasema, akampa ukurasa.

Kimya akasimama. Akaanza kusoma chini chini.

"Sauti!" diwani akasema, na wenzake wakacheka.

Dobi akainua macho yakafika kwenye suti ya diwani, akavipata vifungo. Kile cha tatu alikishona yeye mwenyewe mwezi uliopita. Akakisomea hicho: "Jumanne. Mvua saa tisa mchana. Maji kutoka upande wa ghala. Goti. Nguo hazijakauka siku nne. Mtoto wa kinyozi kaangukia mtaroni, katolewa mzima."

Bibi Mipango alikuwa akifuata kwa kidole kwenye daftari safi.

"Tarehe ni ileile, na maneno ni yaleyale," Bibi Mipango alisema, bila kumtazama mtu. "Lakini ninahesabu miaka tisa. Masharti ni kumi. Na kuna mwaka umeruka hapa katikati."

"Basi imekwisha," diwani akasema akijiweka sawa. "Mwenyekiti, tuendelee."

"Huo nimeuchoma mimi!"

Ni muuza mkaa. Alikuwa amesimama, mikono kiunoni.

"Mama, kaa chini, si ulikuja kupinga?" diwani akamnong'oneza kwa meno.

"Nimekuja kupinga na bado napinga! Simpendi huyu mtu, anatutafutia balaa. Lakini kusema kwamba mwaka haukuwepo, huo ni uongo, na uongo wa kumzulia mwenzangu sikai nao. Nimewashia jiko. Nilisoma kabla ya kuchoma, goti, goti, ugoko, goti, kama mlevi anayeimba. Na mwaka ule maji yalinibebea magunia sita, hayo hakuyaandika maana hakuniuliza. Sasa niandikeni jina halafu mniache nipinge!"

Bibi Mipango aliandika. Aliandika kwa muda mrefu, akagonga mhuri mara mbili, kwa nguvu isiyokuwa ya lazima.

"Mtaa umeingia kwenye orodha. Mwaka mmoja kwa ushahidi wa mdomo. Kuingia kwenye orodha si kupitishwa. Baraza litapiga kura mwezi ujao, na wewe," akamnyooshea Kimya kalamu, "siku nyingine usinioshee ushahidi."

Diwani akampita mlangoni bila kusimama. "Kura zangu ninazijua kwa majina," alisema. "Hutachimba hata shimo la kupanda mgomba."

Jioni mkewe alimkuta ameketi juu ya beseni lililopinduliwa.

"Wamekubali?"

"Wamepokea."

"Kupokea ndiko kukubali?"

"Hapana. Lakini hawawezi tena kusema hatukupeleka. Kuna madiwani wengine kumi na wanane. Nitaanza na yule wa sokoni."

"Utamwambia nini, na mdomo wako huo?"

Kabla hajajibu, mlinzi wa diwani akapita katikati yao mpaka uwanjani. Alikuja kuchukua nguo za bosi wake, zote, kwa amri. Hazikuwa zimekauka. Akazivuta kwenye kamba, vibanio vikaruka, akazikumbatia zikichuruzika maji hadi kwenye viatu vyake, akaenda nazo zikiburuza mkono mmoja wa shati chini.

"Ndugu!" Kimya aliita, na majirani waligeuka, maana hawakuwa wamewahi kumsikia akipaza sauti. "Ndugu, usizikunje mbichi! Zitaota ukungu!"

Yule mlinzi hakugeuka.