Siku Mama Mkwe Alipoanza Kama Babu

Mke wangu alikuwa na santuri moja tu maishani mwake, na hakukumbuka kuisikia hata siku moja. Aliifunga ndani ya kipande cha kanga akaiweka chini kabisa ya sanduku lake, chini ya sanda zetu mbili tulizorudi nazo kutoka Hija. Ndani ya santuri hiyo wanawake wa Msambweni wanaimba kasida. Zamani walichukuliwa hadi Mombasa kwenda kurekodiwa, na mmoja wa waitikiaji ni mamake. Mama huyo alifariki mke wangu akiwa na miaka mitatu. Uso wake anao kwenye picha. Sauti hana.

"Wenzangu wote wanakumbuka walivyokuwa wakiitwa na mama zao," aliniambia siku moja tukichambua mchele. "Mimi wangu ni bubu."

Hakulirudia neno hilo, nami sikulisahau. Kwa hiyo siku niliyoiona gramafoni ya umeme kwenye kibaraza cha nyumba moja huko Diani, ambako Mzungu mmoja mzee alikuwa akiuza vyombo vyake arudi kwao, magoti yangu yalisahau umri wao. Lilikuwa kasha la mbao lenye kifuniko, na ndani yake sahani ya chuma, mkono wa sindano na swichi ya kasi tatu. Ile kasi kubwa kabisa ndiyo ya santuri nzito za zamani kama yetu. Nilisema alhamdulillahi hata kabla ya kuuliza bei, jambo ambalo mnunuzi mwenye akili halifanyi.

Bawabu wa pale, ambaye niliwahi kumsomesha Kurani chuoni, alinisaidia kulibeba.

"Maalim, unafungua disko?"

"Nataka kumsikia mama mkwe wangu."

"Subhanallah. Wenzako wanaomba wasimsikie wa kwao."

Nilicheka njia nzima, peke yangu, mzee mzima na kanzu yake.

Ilipofika nyumbani haikuzunguka. Iliguna kidogo kama mtu anayegeuka usingizini, ikanyamaza. Nikaipeleka Ukunda kwa fundi wa redio, mama mmoja kutoka bara ambaye amekaa Bongwe miaka mingi na hakubali kufungua chombo kabla hajainamisha kichwa na kumwomba Mungu wake. Nilimpenda kwa hilo. Yeye akaomba, mimi nikasema bismillahi, akashika bisibisi.

"Mzee, hii kitu haijakufa," alisema akiwa amechungulia ndani. "Imelala tu. Hii mpira imekauka, na hizi waya panya wamekula."

Alibadilisha nyaya, akalikwaruza gurudumu la mpira kwa msasa mpaka likashika tena, akapulizia vumbi la miaka. Sahani ilipoanza kuzunguka, laini, bila kelele, tulisimama kuitazama kana kwamba ni kitu kinachopaa.

"Ikianza kukwama," aliniambia nikiondoka, "weka tone moja la mafuta hapa katikati. Moja tu."

Hakusema mafuta gani, nami sikuuliza. Mtu wa pwani aulize mafuta gani?

Mimi nimelelewa kwa mafuta ya nazi. Mlango ukilia, nazi. Kitasa kikigoma, nazi. Kifua cha mtoto, ndevu zangu, magoti yangu baada ya tarawehe, yote ni nazi. Mke wangu huyapika mwenyewe, na chupa yake hukaa kwenye dirisha la jikoni. Alhamisi alasiri, jua kali, niliiinua ile sahani ya chuma, nikatia tone moja. Kwa kuwa nilikuwa na furaha, nikatia la pili, na la tatu la sunna. Sahani ikazunguka kama pia. Niliwasha na kuzima mpaka mke wangu akaniambia nitaichosha kabla mwenyewe hajafika.

Mwenyewe alikuwa dada yake mkubwa, anayekaa Gazi. Mke wangu alikataa kabisa kuisikiza santuri bila yeye, kwa sababu wanawake wale ni wengi wanaoitikia, na dadake pekee ndiye aliyebaki duniani anayeijua sauti ya mama yao. Bila yeye tungesikia kundi, tusimsikie mtu.

Alifika Jumamosi asubuhi na mapema, amejitanda buibui hadi masikioni, maana ilikuwa miezi ya kusi, baridi imeingia, na usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha. Nilipomwamkia alinijibu, "Sijambo, shemeji. Naona umechana ndevu kwa ajili ya mama." Kisha akamgeukia mdogo wake. "Na wewe leo ungoje zamu yako. Usije ukamwitikia mama kabla hajaitwa."

Hilo lilikuwa kombora. Katika maulidi ya wanawake mke wangu ana ila moja inayojulikana mji mzima: hawezi kungoja. Msomaji hajamaliza ubeti, yeye ameshaitikia. Wenzake humfinya paja, dada yake akiwa wa kwanza, na hajapona bado.

Tuliketi. Aliifungua kanga mwenyewe, akaifuta santuri, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nikasema bismillahi, nikawasha, nikashusha sindano.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume. Mwanamume mzito, mzee, aliyeamshwa kwa nguvu na asiyefurahi. Matari yalipigwa polepole mno, mtu angeweza kunywa kahawa kati ya pigo na pigo.

Shemeji alisikiliza kwa adabu. "Huyu si mama," alisema mwishowe. "Huyu ni babu."

Nilicheka peke yangu. Mke wangu alikuwa amejifunika uso kwa upindo wa leso. Alisimama, akasema anakwenda kutazama chai, na chai ilikuwa mezani.

Nilisukuma swichi huku na huku. Ilikuwa kwenye kasi ile ile kubwa. Nikampigia fundi simu.

"Mzee, uliigusa?"

"Niliitia mafuta kama ulivyoniagiza."

"Mafuta ya cherehani?"

"Ya nazi."

Nikamsikia akivuta pumzi. "Mzee, ulikuwa unakaanga samaki hapo ndani?" Akaendelea taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa. "Hebu angalia chupa yako jikoni. Mafuta yenyewe yako aje?"

Nilimwita mke wangu. Alitokea mlangoni na chupa mkononi, akaipindua juu chini. Hakikumwagika kitu. Mafuta yalikuwa yameganda meupe kama mshumaa.

Tulitazamana. Kila mwaka wakati wa kusi tunayaona yakiganda, na kila mwaka tunayaweka juani ndipo tujipake. Mtoto wa miaka saba hapa Msambweni anajua. Shemeji ndiye aliyeanza, akacheka mpaka akashika nguzo, kisha mke wangu, macho yakiwa bado na maji.

"Iweke jua, mzee," fundi alisema ndani ya simu, naye pia hajiwezi. "Nitakuja Jumatatu niisafishe."

Tuliitoa uani na waya wake mrefu, kifuniko wazi. Santuri yenyewe ilikaa kivulini, mapajani mwa mke wangu. Nimewafundisha watu subira maisha yangu yote, na asubuhi ile nilijifunza mimi, nikiwa nimesimama kando ya mashine na kugeuka geuka pamoja nayo kufuata jua. Shemeji hakuwa na subira. Kila baada ya muda alitutaka tujaribu.

Mara ya pili akasema, "Amekuwa mjomba."

Mara ya tatu: "Sasa ni mwanamke, lakini ana mafua."

Nilitoa upepeo wa jikoni nikaupepea uso wangu, maana nilikuwa nimelowa jasho la furaha na hofu. Mara ya nne tuliirudisha mashine barazani, ikiwa moto kama sufuria. Nikashusha sindano.

Matari yakaingia mbio. Wanawake, wengi, vijana, sauti zao zikipanda pamoja kama wamefika mlangoni sasa hivi kutoka Mombasa. Msomaji alisoma ubeti wa kwanza, na kabla hajaumaliza, sauti moja nyembamba, yenye haraka, ikatangulia wenzake wote kuitikia.

Shemeji aliinua kidole. "Huyo."

Ubeti wa pili, ikatangulia tena.

"Walikuwa wakimfinya," shemeji alisema polepole. "Nakumbuka. Alirudi nyumbani na alama."

Mke wangu hakulia. Alisogea mpaka goti lake likagusa kasha, akaweka kiganja juu ya mbao kama anavyopima joto la mtoto. Ubeti wa tatu ukaanza, msomaji akivuta neno la mwisho, nasi tukaona kifua cha mke wangu kikijaa.

Aliitikia. Hakungoja, na mamake hakungoja, wakaingia pamoja.

"Wote wawili wamewahi," shemeji alisema, na safari hii hakumfinya mtu.