Mshona Kola na Pumzi ya Mwanawe

Mshona kola wa pale kiwandani hufanya kazi huku mwanawe amefungwa kifuani, ngozi kwa ngozi, chini ya gauni. Mtoto alizaliwa kabla ya miezi saba kutimia, na mara nyingine husahau kupumua. Akisahau, mama humgusa unyayo kwa ncha ya kidole, naye hukumbuka. Lakini mashine thelathini zikinguruma hawezi kumsikia, kwa hiyo kila baada ya kola mbili husimama, huingiza mkono ndani ya gauni na kungoja mgongo ule mdogo uinuke. Baba wa mtoto alimchungulia mara moja wodini, akasema huyu hajawa mtoto bado, akaenda zake kungoja awe. Angali anangoja.

"Mama Njiti, unashona au unaatamia mayai?" msimamizi humuuliza.

"Vyote viwili, bosi."

Jana hakucheka. Alimwambia kola zisipofika mia leo, kesho asije. Leo zilikuwa zimebaki sitini umeme ulipokatika. Wenzake wakaguna na kusonya. Yeye akainamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akaisikia pumzi ya mwanawe, nyembamba kama uzi, ikienda na kurudi.

"Dada, omba umeme urudi upesi," jirani yake akamnong'oneza. "Huyu bwana atakufukuza kweli."

Akafumba macho akaomba. Hakuomba urudi.