Nilivyoitemea Bodi Baraka

Mjukuu wangu wa kike ananiitaga mke mwenza, na mimi namwita hivyohivyo, maana babu yake alipokuwa hai alimwitaga bibi mdogo. Basi tunagombana kama wake wenza kweli. Yeye anasema ugali wangu ni mawe, mimi namwambia ana miguu ya korongo. Amesoma chuo mambo ya umeme, amepanga chumba Kitaji, Musoma mjini, na kila Jumamosi anakuja kwangu Butiama na mfuko umejaa nyaya.

Mimi shule sijakanyaga. Ninachojua ni kuiga watu sauti. Mchungaji, mwenyekiti wa kijiji, yule muuza dagaa anayeongelea puani, wote ninao mdomoni. Watu wanakujaga kwangu kucheka.

Mjukuu alitengeneza sanduku la kutotoleshea mayai. Mbao, balbu mbili, na ndani ya kifuniko kabandika kibodi cha umeme, kidogo kama biskuti, chenye miguumiguu. Kinapima joto, likipungua kinawasha balbu, likizidi kinazima. Cha kwanza kilifanya kazi vizuri tu. Lakini akasikia kimetoka kipya, akakiagiza, kikaletwa na basi mpaka Kiabakari. Alikishika kama mtoto mchanga. "Bibi, kile cha zamani kinajua joto tu, hakijui kuongea. Hiki kitanitumia meseji mpaka Kitaji." Nikamwambia umeniletea mmbea ndani ya nyumba. Kile cha zamani akakiweka kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, akasema kipya kikisumbua anarudisha hicho.

Akina mama wa kikundi kimoja Bunda walimpa mayai thelathini ya kienyeji kumjaribu. Yakitotoka, na wao watataka sanduku lao awatengenezee. Kazi yangu ilikuwa kuyageuza, asubuhi, mchana, jioni. Kila yai nilichora alama ya mkaa nisichanganye upande.

Siku ya kumi na sita ilikuwa Jumapili. Jirani zangu watatu walipitia kwangu kutoka kanisani, wakataka kuona hiyo mashine ya mjukuu. Nikafungua kifuniko. Kitaa cha bluu kinawaka. Sasa kwetu kitu kipya kikiingia nyumbani, ng'ombe au hata baiskeli, mzee wa mji anajaza mdomo maji yenye unga wa ulezi, anakipulizia baraka. Ni kazi ya wanaume. Lakini mimi nilitaka kuwachekesha. Nikakoroga ulezi, nikashika fimbo ya marehemu, nikatoa sauti yake ile ya kukwaruza: "Wewe mgeni uliyeingia hapa, kaa. Zaa. Usitoroke." Nikajaza mdomo, nikapuliza. Pfuu.

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kitaa kikakonyeza mara mbili, kikazima, na balbu zote zikazima. Hapo pia walicheka.

Walipoondoka simu ikalia. Mjukuu anasema meseji hazifiki, sijui mtandao, hebu angalia kitaa kinawaka? Kopo la maziwa nililiona pale juu ya kabati. Kutoka Musoma kuja hapa siyo mbali, angefika jioni ileile. Nikasema kinawaka. Nikaongeza kwa sauti ya mchungaji, "Kinawaka, mpendwa, kinawaka kama moto wa Bwana." Akacheka, akasema basi ni mtandao.

Kila siku alipiga, na kila siku kikawaka mdomoni mwangu.

Nilifuta ulezi kwenye ile miguumiguu kwa ncha ya kanga. Nikafunika mayai blanketi, nikasogeza jiko la mkaa. Nikaleta kuku wangu anayetaka kulalia, akayatazama, akanidonoa mkono, akaenda zake. Niliendelea kuyageuza, asubuhi, mchana, jioni. Yalikuwa baridi kama mawe ya mtoni, na mimi nageuza.

Jumamosi akaja na kifurushi cha chakula cha vifaranga. Nikamwambia mashine imezima leo asubuhi. Akapasua yai moja. Kifaranga kilishaota manyoya. Akapasua la pili, la tatu, mpaka yote. Akasema kwa sauti ndogo, "Ni mimi. Nilikiandikia maagizo ya joto vibaya." Akachukua daftari lake, akaanza kutafuta kosa ambalo halimo.

Jumatatu tukaenda Bunda kuwaambia wenye mayai. Aliwaambia kosa ni lake. Mkubwa wao akampapasa bega: hamna shida binti, acha tutafute fundi aliyekomaa. Mimi nilikaa kwenye benchi nakunywa chai yao. Niliimaliza.

Kurudi tulishuka Kiabakari, tunasubiri gari la Butiama. Akasema nyaya zake ataziuza, shangazi yake ana genge, atamsaidia kuuza nyanya. Hapo nikaanza kwa sauti ya babu yake, "Mke wangu mdogo, mbaya ni huyu bibi mkubwa..." Akatabasamu kidogo, akadhani namliwaza. Basi nikaiacha ile sauti. Nikamwambia kwa yangu, nayo ilitoka nyembamba, nusura niikatae.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kitu kimoja tu.

"Siku ile nilipopiga, mayai yalikuwa hai?"

"Yalikuwa hai."

Gari likaja, akatangulia kupanda. Asubuhi akaniambia, "Bunda utaenda mwenyewe. Na uongee kama wewe."

Nilienda. Hakuna aliyecheka. Wakanipa mayai ishirini nimpelekee.

Akarudisha kile cha zamani, yakatotoka kumi na saba, na siku hizi anatengeneza sanduku la Bunda lenye kibodi kingine kipya. Ananiita mke mwenza kama zamani, ugali wangu bado mawe. Lakini nikisogea kuangalia anachounga, mkono wake unaenda wenyewe, unakifunika. Yeye hajui kama anafanya hivyo. Mimi naangaliaga ule mkono, halafu narudi nyuma, nakaa mbali kidogo.