Waya Uliopotea Kwenye Pumba

Saa mbili asubuhi. Mashine ya kusaga inanguruma kibandani, na mwenyewe hatulii. Anamimina debe la mahindi, anafunga mfuko wa unga, kisha huyoo, dirishani. Zizi liko hatua ishirini tu. Ng'ombe aitwaye Bibi Harusi amelala vilevile, kichwa kimegeukia ubavuni.

"Mama Mashine, leo unasaga au unalinda mpaka?" anamtania mteja.

Foleni inaangua kicheko. Yeye hacheki.

Ana miaka arobaini na sita, kumi na mmoja kati ya hiyo ameimaliza ndani ya vumbi la unga. Yeye husaga, mumewe hufuga. Wana ng'ombe watatu, lakini huyu ndiye nguzo ya nyumba. Alikuwa akitoa lita kumi na mbili kwa siku. Jana alitoa mbili, na ana mimba ya miezi sita.

"Hajacheua tangu juzi," anasema mumewe, macho mekundu. "Ng'ombe asipocheua, ujue anaaga."

Mkewe anainama kuokota mfuko ambao haujaanguka.

Lipo jambo analolijua peke yake. Wiki iliyopita boliti inayoshika chekecheke ya mashine ilikatika. Badala ya kwenda kwa fundi, alifunga kwa waya.

"Nilisema nitakwenda kesho. Kesho ikazaa kesho," ananinong'oneza, akichungulia kama mumewe yuko mbali.

Juzi asubuhi alipofungua mashine, alikuta waya umepungua urefu wa kidole kizima. Mtikisiko ulikuwa umeukata. Na kila jioni hufagia pumba sakafuni na kuzipeleka kwenye ndoo ya Bibi Harusi. Siku zote huzipepeta kwanza. Jioni ya kuamkia juzi wateja walikuwa wanapiga kelele, akazimwaga hivyo hivyo.

Kwa nini hajamwambia mumewe?

"Thubutu! Yule ng'ombe husalimiwa kabla yangu," anasema, na tabasamu linamfia mdomoni. "Naogopa, ndugu yangu. Naogopa sana."

Saa nne daktari wa mifugo anafika. Anasikiliza tumbo, anaminya chini ya kifua. Bibi Harusi anaguna kwa maumivu.

"Amekula chuma huyu?"

"Chuma?" Mume anakuja juu. "Daktari, ng'ombe wangu si jalala! Labda ni yale majani ya kule bondeni."

"Kama ni majani, nitampa dawa ya tumbo."

Anafungua mkoba. Kibandani, mashine inazimwa ghafla. Wateja wanaguna. Mama Mashine anatoka mbio, mweupe kwa unga mpaka kope.

"Ni waya, daktari. Umo tumboni. Nimemlisha mimi."

 Mumewe anamtazama kama mgeni aliyeingia bila hodi.

Daktari haulizi mengi. Anatoa sumaku yenye unene wa kidole gumba, ya kumezeshwa ng'ombe ili ikashike chuma kisizidi kutoboa. Mume anashika pembe, mke anashika taya, sumaku inateremka. Sindano inafuata.

"Kama waya haujafika mbali, atacheua leo au kesho," anasema daktari. "Dawa ya tumbo isingemsaidia kitu."

Mashine haiwashwi tena. Wateja wanaondoka na mahindi yao, wengine wakilalama. Wawili hao wanakaa zizini, kila mmoja na ndoo yake aliyoigeuza kiti. Mara tatu mke anasimama, mara tatu anakaa.

"Siku mbili unaniona nahangaika," mume anasema hatimaye. "Siku mbili, mke wangu!"

"Nisamehe."

Mume anaanza kumkuna ng'ombe shingoni.

Saa kumi jioni, taya la Bibi Harusi linasogea. Linasimama. Linasogea tena, polepole, kulia na kushoto. Mama Mashine anajifunika uso kwa kanga na kulia kwa sauti.

Walikuwa wamepatana kwamba ndama aliye tumboni atakuwa wa mke, amuuze abadilishe mashine iliyochakaa. Sasa anafuta machozi na kumwambia mumewe:

"Akizaa salama, ndama ni wako. Mimi sidai."

Mume anaendelea kumkuna ng'ombe shingoni.

"Tutamuuza, ununue mashine," anasema. "Mimi sitaki ndama wa kuombea radhi. Nataka unapoharibu, niwe wa kwanza kuambiwa."